Kozi ya haiba ya uongozi, Ganjoni: msemaji anafunzwa, msikilizaji anaachwa

Watu wameniuliza sana kuhusu kozi hii, hasa wenzangu wa vyama vya akiba na kamati za masoko, kwa hivyo naandika mara moja kila mtu asome. Kikundi chetu cha wauzaji wa soko la Kongowea, Mombasa, kilitoa pesa kwenye mfuko wa mafunzo, shilingi 7,000 kwa kila mtu, kikatupeleka mimi niliye katibu pamoja na mweka hazina wetu. Kozi inafanyika Ganjoni, Jumamosi za mwezi mzima, na inatangazwa kuwa inamfunza mtu haiba ya kiongozi: namna ya kusimama, kusema na kuwavuta watu.

Hukumu yangu naitoa mapema. Anayetaka kusimama mbele ya watu akasikilizwa, aende, pesa yake haitapotea. Kikundi kinachotaka kujua namna ya kumtambua kiongozi na kumchagua, kwa jinsi kozi ilivyo sasa, kisubiri. Jina la kituo nimeliacha makusudi. Malalamiko yangu nimewapa wenyewe uso kwa uso, wakanisikiliza kwa adabu, na ni haki yao wapate nafasi ya kurekebisha kabla jina lao halijazungushwa mjini.

Chumba kiko ghorofa ya pili na hakuna lifti. Mwenye magoti mabovu ajue hivyo kabla hajalipa. Feni ni mbili tu na hazitoshi kwa joto la kaskazi, hivyo madirisha hufunguliwa, kelele za tuktuk zikaingia, na waliokaa nyuma wakakosa maneno. Masomo ni kuanzia saa mbili na nusu mpaka saa sita na robo. Mwalimu hachelewi kuanza wala hachelewi kutuachia, na waliotaka kuwahi adhuhuri waliwahi. Chai ya maziwa, mahamri na mbaazi za nazi vimo ndani ya bei, na mbaazi zilipikwa na mtu anayejua kazi yake.

Darasa lenyewe lilikuwa zuri kuliko nilivyotarajia, na nadhani nusu ya faida niliipata kwa wanafunzi wenzangu. Alikuwepo kijana mwenyekiti wa stendi ya bodaboda huko Likoni, naibu mwalimu mkuu wa Changamwe, mama anayejiandaa kugombea uwakilishi wadi, na ndugu wawili wanaofanya kazi ya uwakala wa kutoa mizigo bandarini. Mwalimu aliwahi kuwa mtangazaji wa redio. Sauti anayo, na subira anayo zaidi ya sauti. Hakumkata mtu yeyote kauli, hata yule mzee aliyesema kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa.

Siku ya kwanza tulipewa karatasi yenye mbinu 12, tisa za maneno na tatu za mwili. Mwalimu alitueleza wazi zilikotoka: zimekusanywa na John Antonakis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lausanne, Uswisi. Namsifu kwa hilo, maana nimehudhuria mafunzo mengine hapa mjini ambako kila kitu kinasemwa kama kimebuniwa na mkufunzi usiku wa jana. Ndani ya karatasi kuna kutumia mifano na tamathali, kusimulia kisa, kuweka mambo mawili yanayopingana ubavu kwa ubavu, kuuliza swali ambalo msikilizaji analijibu moyoni, kupanga hoja kwa tatu tatu, kusema waziwazi lililo la haki na lisilo la haki, kuwatamkia watu kile wanachokihisi wao wenyewe, kuweka lengo kubwa, kisha kuonyesha imani kwamba lengo hilo litafikiwa. Za mwili ni sauti inayopanda na kushuka, uso na mikono.

Ukisoma hivyo unaweza kudhani ni mchezo wa kuigiza. Nilidhani hivyo mpaka nilipomsikia yule kijana wa Likoni.

Jumamosi ya kwanza alisimama akasema: "Ndugu wanachama, leo tuna ajenda nne. Ya kwanza ni michango ya bima, kwa sababu wengi wenu hamjalipa." Watu wakawa wanatazama simu zao. Mwalimu akakaa naye, akamuuliza wenzake wa stendi wanalalamikia nini hasa wakiwa peke yao. Kijana akasema kinachowauma ni kuitwa wahuni. Mwishoni mwa kozi alisimama tena kwa hoja ile ile ya bima. "Tunaitwa wahuni," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Mhuni gani anaamka saa kumi alfajiri kumpeleka muuguzi feri? Mhuni gani anakesha stendi ili mama mjamzito akipiga simu asikose mtu? Watu wa Likoni tunawalinda usiku na mchana. Sisi nani anatulinda? Kufikia Desemba nataka kila pikipiki ya stendi yetu iwe na bima, na najua tutaweza, kwa sababu mwaka jana tulimzika mwenzetu kwa michango ya jioni moja."

Shati lilikuwa lile lile, uso ule ule, na bima ni ile ile. Lakini chumba kizima kilitulia, hata waliokuwa nyuma karibu na madirisha walisikia kila neno. Mama anayegombea uwakilishi wadi alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nimeona kwa macho yangu mtu akipata kitu ambacho mtaani tunasema ama umezaliwa nacho ama huna. Tunasema "ana nyota" kana kwamba imeandikwa. Wale watafiti wa Lausanne walilijaribu jambo hili, wakachapisha matokeo 2011: waligawa mameneja wa kati wa kampuni moja ya Uswisi kwa bahati nasibu, kundi moja wakalifunza mbinu hizi na jingine wasilifunze. Baada ya muda waliofunzwa wakaonekana na watu wa kazini mwao kuwa na haiba zaidi. Kwa sehemu hii ya kozi sina neno baya hata moja.

Shida yangu inaanzia kwenye somo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lilikuwa bora kuliko yote, na ambalo liliachwa njiani.

Mwalimu alikuwa ameturekodi kwa video. Jumamosi moja akatuonyesha video zile bila sauti, kila mtu kwa sekunde chache tu, akatupa vikaratasi. Akasema: andikeni jina la mtu ambaye mngempa usukani wa mashua, bahari ikiwa imechafuka. Tukaandika. Vikaratasi vilipohesabiwa, karibu sote tulikuwa tumemwandika mkubwa kati ya wale ndugu wawili wa bandarini: mrefu, kanzu imepigwa pasi, mabega wima, anatazama mbele bila kupepesa. Kisha sauti ikawashwa. Bwana yule alikuwa ameombwa ajaribu kipaza sauti tu, na alichokuwa akikisoma kwa utulivu wote ule ni bei za vifurushi vya intaneti kutoka kwenye simu yake.

Watu walicheka, na yeye alicheka pamoja nasi. Mwalimu akatueleza kuwa zoezi hilo amelitoa kwenye utafiti wa Antonakis na mwenzake uliochapishwa 2009. Watoto wa Uswisi wa kati ya miaka 5 na 13 walionyeshwa picha za wagombea wa ubunge wa Ufaransa, watu wasiowajua kabisa, wakaulizwa ni nani wangemfanya nahodha. Picha walizozichagua watoto zililingana na washindi halisi wa uchaguzi kwa takriban asilimia 70. Yaani mtu mzima mwenye kitambulisho na kura mkononi, na mtoto anayecheza mchezo wa mashua, wanatazama uso ule ule na kufikia uamuzi ule ule.

Hapo ndipo nilipotaka tukae. Nilitaka mwalimu azime projekta, atuulize: nyinyi mlioandika jina lile, mliona nini? Nani amewafundisha kwamba urefu na kanzu iliyonyooka ni dalili ya kujua bahari? Badala yake akageuza ukurasa, akaanza kutufundisha namna ya kusimama kama bwana yule. Somo likawa namna ya kuvaa kilichotudanganya. Niliinua mkono nikauliza, akanijibu kwa upole kwamba kozi ni ya viongozi, si ya wapiga kura. Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo, kwa sababu kiongozi gani huyo asiye mpiga kura pia? Mimi ni katibu, na kila mwaka nasimama kwenye foleni kama wengine kumchagua mwenyekiti.

Wakazi wa Mombasa hawahitaji kufafanuliwa sana uzito wa uso kwenye kura. Mwaka 2022 uchaguzi wetu wa gavana haukufanyika siku moja na sehemu nyingine za nchi. Ulisogezwa kutoka 9 Agosti hadi 29 Agosti, kwa sababu karatasi za kura zilichapishwa zikiwa na picha na maelezo ya wagombea yasiyo sahihi. Nakumbuka mazungumzo sokoni siku zile. Mama mmoja anayeuza ndimu karibu nami, asiyesoma, alisema bila picha yeye hana pa kuweka alama. Alisema kweli yake, na picha imewekwa pale kwa ajili ya watu kama yeye. Lakini picha hiyo hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo wale watoto walikuwa wanaifanya.

Yapo mengine ambayo kozi ingeweza kuyatia na hayakutiwa. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa ya mhadhiri waliyemwita Dk. Fox. Alikuwa mwigizaji. Alipewa mhadhara wa maneno yanayopingana na mzaha uliojificha, juu ya mada nzito ya hesabu na mafunzo ya madaktari, akaambiwa autoe kwa uchangamfu na kujiamini. Waliomsikiliza walikuwa wataalamu, madaktari wa akili na watu wa aina hiyo, na kwa sehemu kubwa walimpa alama nzuri. Nilipompelekea mwalimu kisa hiki wakati wa chai alikifurahia, akasema atakitumia kuonyesha nguvu ya uchangamfu. Nilimwambia mimi nakitaka kwa sababu nyingine. Wale waliokuwa wamekaa kwenye viti walikuwa watu wasomi, na bado walitoka na hisia kwamba wamejifunza kitu. Kama hao hawakujikinga, wanachama wetu ambao wamesimama tangu saa tisa usiku kupokea magunia ya viazi watajikinga na nini?

Kikundi chetu kina jeraha la aina hiyo, na sitaficha. Miaka ya nyuma tulikuwa na mwenyekiti aliyesema mpaka watu wakasahau kuuza. Mwaka wake wa kwanza bei ya vitunguu ilikuwa nzuri, kila mtu akapata, na sote tukasema ni yeye. Ukweli ni kwamba vitunguu vilipanda kwa sababu mvua iliharibu mavuno kwingine. Yeye hakuleta mvua. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, tukasema pia ni yeye, tukamtoa kwa matusi, na vitabu tulipovifungua tukakuta mapengo ambayo yalikuwepo tangu ule mwaka mzuri. Siku za neema hakuna aliyevifungua. James Meindl na wenzake waliandika 1985 kuhusu tabia hii hasa: mambo yakienda vizuri sana au vibaya sana, watu humwona kiongozi ndiye sababu, hata pale ambapo sababu ziko kwingine. Niliposoma muhtasari wa kazi yao nilihisi wametukalia mkutano wetu wa Kongowea.

Sasa lalamiko la pili, na hili linanigusa kwa sababu linamhusu mweka hazina wetu.

Yeye ni mtu wa Kaloleni, mama wa makamo, sauti yake ni ndogo na mkononi huwa na kitambaa anachokikunja akisema. Kwenye karatasi ya alama alipewa chini kuliko wote: hatumii mikono, hamtazami msikilizaji machoni, hapandishi sauti. Alama zile zilitolewa kwa haki kulingana na karatasi. Karatasi ndiyo isiyotosha. Mama huyu akisimama sokoni kwetu, wachukuzi wanatua mizigo wamsikilize. Vijana wanaobishana na kila mtu hawabishani naye. Hiyo kama si haiba, sijui ni nini, na imejengwa mahali ambapo kamera ya Ganjoni haikufika: kwenye matanga, ambako hufika kabla ya maturubai na kuondoka baada ya masufuria kuoshwa, kwenye daftari, ambalo hulifungua mbele ya mwanachama kabla hajaombwa, kwenye kukumbuka mtoto wa nani amefanya mtihani mwaka huu. Watu wa pwani humpima mtu kwa mambo hayo. Kumkazia mzee macho wakati unaongea naye, kwa wengi wetu, ni kukosa haya, na kumnyooshea kidole mtu uliye naye mkutanini ni ugomvi. Barazani, mwenye uzito mara nyingi ni yule anayesema mwisho, na kwa maneno machache.

Sisemi pwani yote ni moja. Kijana wa Likoni anahitaji sauti na mikono, kwa sababu stendi yake ina honi na vijana mia wanaopita. Mama wa uwakilishi wadi atahitaji kuimba na kucheza kwenye lori la kampeni, na asipofanya hivyo wataambizana kwamba hana nguvu. Utafiti mkubwa wa GLOBE uliotolewa 2004, uliochunguza jamii 62 duniani, ulikuta kwamba karibu kila mahali watu wanamtaka kiongozi anayetia moyo na anayeaminika. Hayo tunashirikiana na ulimwengu. Lakini namna anavyotakiwa aonekane akifanya hivyo hutofautiana, na kozi inayofundishwa Mombasa ilipaswa kuianza Jumamosi ya kwanza kwa swali la kina nani watakusikiliza, kabla ya kumwambia mtu apanue mabega.

Nilimpa mwalimu mfano kutoka nyumbani kwetu. Marehemu baba yangu na mdogo wake walikuwa wakienda pamoja kumsikiliza Shariff Nassir, aliyekuwa mbunge hapa kisiwani kwa miaka mingi hadi 2002. Walisimama uwanja mmoja, jua moja, wakasikia maneno yale yale. Baba alirudi akisema huyu ndiye mwanamume, anawasemea watu wa Mombasa bila woga. Ami alirudi akisema ni mkali, anatufokea kama watoto. Walibishana mpaka chakula kikapoa, mara nyingi. Mbunge alikuwa mmoja, ila aliyekuwa na haiba kifuani mwa baba hakuwa na haiba kifuani mwa ami. Baba alikuwa kuli wa bandarini, amezoea kuona watu wake wakinyamazishwa, na alikuwa na kiu ya mtu anayepaza sauti. Ami alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kimya na kazi yake. Kila mmoja alibeba kitu kwenda uwanjani.

Kwenye hili hata Max Weber, Mjerumani aliyefariki 1920 na ambaye kazi yake ndiyo iliyoingiza jambo hili kwenye masomo ya jamii, alikuwa wazi: nguvu ya kiongozi wa aina hii husimama juu ya kutambuliwa na wafuasi wake, na wasipoona manufaa kwa muda mrefu, nguvu hiyo huyeyuka. Jina lake lilitajwa darasani kwa dakika moja.

Na siku moja tulilikaribia jambo lenyewe kabisa. Mwalimu alituambia kila mtu alete kiongozi anayemjua kwa historia. Wengi walileta marais. Mweka hazina wetu akamleta Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza 1913. Alisimulia kwa ile sauti yake ndogo jinsi Mekatilili alivyopita kijiji kwa kijiji akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, na watu wakamfuata mpaka wakala viapo vya kukataa kodi na kazi za kulazimishwa. Alivyokamatwa akapelekwa mbali Kisii, akatoroka, akarudi. Kisha akasema neno ambalo nililiandika pembeni mwa daftari: kwamba wale waliomfuata walikuwa tayari wanaijua ngoma ile, na tayari walikuwa na msiba. Mekatilili hakuwaletea huzuni; aliikuta nyumbani kwao, akaichezea.

Darasa lilinyamaza, kama lilivyonyamaza kwa kijana wa Likoni, ingawa mikono ya mama huyu haikuinuka hata mara moja. Mwalimu aliandika ukutani "kisa" na "tamathali", mbinu mbili kati ya zile 12, akashukuru, akamwita anayefuata. Alikuwa na ratiba, naelewa. Lakini mwenzangu alikuwa ametupa nusu ya pili ya somo zima, bure, na haikuokotwa.

Jambo dogo kwa wanawake wenzangu. Mtaambiwa mshushe sauti, iwe nzito. Hilo lina msingi: utafiti uliofanywa na watafiti wa Marekani na kuchapishwa 2012 uliwapa watu sauti zilizorekodiwa, nyingine zimefanywa nzito kidogo na nyingine nyembamba, na wasikilizaji, wanaume kwa wanawake, walielekea kuchagua nzito hata kwa wagombea wanawake. Mwalimu analifundisha bila kumdhalilisha mtu, kwa mazoezi ya pumzi ambayo yamenisaidia kweli kweli nikitangaza sokoni. Koo haliumi tena jioni. Ningependa tu aongeze kwamba upungufu uko kwenye sikio la msikilizaji, ili mwanamke asitoke pale akidhani ameumbwa vibaya.

Tulipotoa ripoti kwa kikundi, bibi mmoja ambaye ni mwanachama tangu mwanzo alisikiliza yote, kisha akauliza: "Huyo mwalimu wenu yuwajua kunena, nimesikia. Sasa sisi wa kusikiliza twafunzwa na nani?" Kwa sababu ya swali lake tumeanza jambo letu wenyewe kabla ya mkutano mkuu. Wanaogombea wataandika wanachokusudia kufanya na pesa za kikundi, ukurasa mmoja, bila jina. Mimi nitazisoma zote kwa sauti moja, wanachama waweke alama. Baadaye ndipo wagombea wasimame, waseme kwa ufundi wao wote, na alama ziwekwe tena. Tutazilaza alama mbili kando kwa kando tuone tumevutwa na nini. Hakuna anayekatazwa kuvutwa. Mimi nilivutwa na yule kijana wa Likoni na ninafurahi, kwa sababu bima ni jambo la kheri. Ila nataka mtu ajue kwamba anavutwa, na upande gani. Zoezi hili halina gharama zaidi ya karatasi, na nimeshamwambia mwalimu alichukue alitie kwenye kozi kama linamfaa.

Kwa anayeamua kwenda: wasemaji wa mikutano, walimu, viongozi wa stendi, wanaogombea, nyinyi nendeni. Ombeni mrekodiwe mwanzo na mwisho, na mpewe video zenu, maana ni haki yenu na wakati mwingine husahaulika. Ombeni pia lile zoezi la video bila sauti lipewe asubuhi nzima; mwalimu aliniambia wakijitokeza wengi wa kuliomba, atalitengea muda wake. Mwambieni pia nyumbani kwenu mnaongea na kina nani, ili karatasi ya alama irekebishwe. Kaeni mbele, kwa sababu ya tuktuk. Kikundi kinacholeta watu watano kinapunguziwa bei, na malipo yanakubaliwa kwa awamu mbili kwa M-Pesa. Risiti mtapewa mkiidai. Kundi linalofuata linaanza baada ya Ramadhani.